Kumrekodi babu aliyepigana Kagera: muulize sikukuu, usimuulize tarehe

Ukimkalisha mzee aliyepigana vita vya Kagera, vya Tanzania na Uganda ya Idi Amin (1978–79), ukamuuliza "Babu, vita vilikuwaje?", atakupa hotuba. Utasikia habari za nduli Amin, kisha uwezo, sababu na nia ya kumpiga, yale aliyoyatangaza Mwalimu Nyerere Novemba 2, 1978. Swali la hadhara hupata jibu la hadhara. Mbaya zaidi ni kudai tarehe: askari wa kombania hakuwa na kalenda handakini, na akibanwa atabahatisha ili asikuangushe.

Sikukuu haisahauliki. Idd ya Mfungo Tatu, ile ya kuchinja, mwaka ule iliangukia Novemba 10 au 11, 1978, wiki moja hivi baada ya daraja la Kyaka, kwenye mto Kagera, kulipuliwa, nchi nzima ikikusanya askari, JKT na mgambo. Maulidi ya Mfungo Sita yalikuwa karibu na Februari 9, 1979: kule Uganda, Mutukula ya mpakani ilikwisha kutekwa Januari 21, mji wa Masaka ulikuwa bado hadi Februari 24. Kwa Mkristo kuna Krismasi ya 1978, na Pasaka ya Aprili 15, 1979, siku nne tu baada ya Kampala kuanguka. Basi uliza, "Babu, ile Idd ya kuchinja uliswalia wapi?" Hapo ataanza kutaja watu: nani alisimama mbele, nani alikuwa pembeni yake, walikula nini. Mfuate huko huko, na umwache amalize kila jina.

Kuna mtego mmoja. Ramadhani ya 1979 ilianza mwishoni mwa Julai, ilhali vita vilikwisha Juni 3. Babu akisema alifunga Uganda, anasema kweli, ila anazungumzia kipindi ambacho majeshi yetu yalibaki kulinda nchi ile. Ukiandika kwamba alifunga vitani utakuwa umeharibu wewe, si yeye.

Katika imani, uliza matendo. Maji yalipokosekana walitayamamu kwa udongo? Sala walizipunguza na kuzikusanya kama wasafiri? Waliokufa walizikwaje, na nani aliwaombea, Waislamu na Wakristo wakiwa kikosi kimoja? Baadhi ya mashujaa wamelala makaburi ya Kaboya, Muleba. Muulize kama kuna amjuaye pale. Uliza pia habari za hirizi na kombe (maji ya aya zilizoandikwa, hunywewa kwa kinga), kwa heshima. Mjukuu aliyesoma madrasa sana akianza kumkosoa babu kwamba ile ni shirki, kikao kimekwisha siku hiyo na pengine kisirudi tena.

Sasa chombo. Barazani usirekodi. Hapa Ngamiani, Tanga mjini, bodaboda hazikatiki, vikombe vya kahawa vinagongana, na wazee wenzake watamsahihisha kila sentensi mpaka abaki na hadithi ya baraza. Ingieni chumba chenye pazia na mkeka, mzime feni na televisheni. Wakati mzuri ni baada ya alasiri. Simu iwe kwenye hali ya ndege, isije ikaita katikati, na uilaze juu ya kanga iliyokunjwa, shubiri mbili kutoka mdomoni mwake, kwa sababu meza tupu hubeba kila mgongano wa kidole. Muulize sikio lipi linasikia vizuri, ukae upande huo. Waliokaa karibu na mizinga mara nyingi sikio moja limekwenda. Jaribu dakika moja, usikilize, ndipo uanze. Dakika 40 zinatosha. Akianza kujibu kwa "ndiyo, ndiyo", amechoka.

Maneno ya kwanza kwenye rekodi yawe tarehe, mahali, jina lake, jina lako, na ruhusa kwa sauti yake mwenyewe: nani asikie, nani asisikie.

Kila anapoeleza pambano, uliza kwa upole: "Hilo uliliona, babu, au mlisimuliwa?" Aliyefika Uganda Mei 1979 anaweza kukusimulia pambano la Lukaya, Machi 10 na 11, pamoja na Walibya waliokuja kumsaidia Amin, utadhani alikuwepo. Wala hasemi uongo. Ameisikia kambini miaka mingi mpaka imekuwa yake. Andika "alisikia" uendelee. Hapa Tanga jiandae pia kwa nyuki walioshambulia askari wa Mwingereza Novemba 1914, Vita Kuu ya Kwanza. Hiyo ni ya babu zake. Ipe faili lake.

"Uliua wangapi?" haiulizwi. Akinyamaza, nyamaza naye, hesabu kumi moyoni. Akiomba maji au mikono ikianza kutetemeka, zima, mhamie habari za mashamba au wajukuu, na usiku huo asilale nyumba peke yake. Ndoto zikirudi siku kadhaa mfululizo, apelekwe hospitali. Asiachiwe kisomo peke yake.

Mambo ya leo yawekee kikao cha pili. Akishaingia habari za Kongo na Cabo Delgado ya Msumbiji, walikopelekwa wanajeshi wetu, Kagera hurudi naye kwa shida. Bei za vitu ndiyo njia nyepesi: baada ya vita wananchi waliombwa kufunga mkanda kwa miezi 18, kisha ikaja kampeni dhidi ya uhujumu uchumi 1983. Muulize sukari aliipata wapi wakati huo, ndipo umsikie anavyoiona leo. Akisema usichokubali, usibishe. Ila taja kwenye rekodi habari kubwa ya wiki hiyo, maana baada ya miaka kumi hakuna atakayejua babu alikuwa anamkasirikia nani.

Saa moja ya MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde ni kama MB 58. WAV ya mono, ubora wa CD, hupita MB 300. Kwa WhatsApp tuma kama hati. Faili liitwe kwa mwaka, mwezi, siku na jina, na nakala ya pili ikae nyumba nyingine. Medali na vyeti vipige picha mbele na nyuma kwa mwanga wa dirishani, bila flashi, kisha mrudishie mwenyewe mkononi siku hiyo hiyo.