Msitoke uwanja wa ndege mkapanda meli siku hiyohiyo: Stockholm yetu kabla ya safari ya bahari

Wiki iliyopita nilipata ujumbe kutoka kwa dada mmoja wa Arusha. Yeye na mumewe wanatimiza miaka ishirini ya ndoa, na wamepata nafasi kwenye meli ya kitalii inayoondoka Stockholm kuzunguka Bahari ya Baltiki. Wakala wao amewashauri watue asubuhi na wapande meli mchana, "ili msilipie hoteli bure". Akaniuliza: Mama Neema, ninyi mlifanyaje?

Dada yangu, wakala wetu alituambia maneno hayohayo, tena alitucheka. Alisema mtu aliyelipia meli hana haja ya kulipia na mji. Mpaka leo nikipita mbele ya ofisi ile moyo unanichoma. Ushauri wake ningeusahau. Siwezi kusahau alivyomtazama mume wangu alipokuwa anauliza maswali yake, utadhani fundi umeme mstaafu hastahili kujua meli aliyoilipia inatia nanga wapi. Tukanyanyuka, tukatafuta tiketi wenyewe, tukafika Stockholm siku chache kabla ya meli. Ndiyo maana kila anayeniuliza namjibu jambo moja: fikeni mapema.

Nianze na mizigo. Begi la Baba Neema halikutokea kwenye mkanda pale Arlanda, uwanja wa ndege wa Stockholm. Lilibaki kule tulikobadilishia ndege, likaletwa hotelini kesho yake jioni. Kwa kuwa tulikuwa na siku mkononi, tulinunua shati na soksi, mambo yakaisha. Mngekuwa mmepanda meli mchana ule, begi lingewafukuza Helsinki, likawakosa, likawafukuza Tallinn. Na meli haimsubiri mtu aliyecheleweshwa na ndege aliyojikatia mwenyewe. Dawa zake za presha zilikuwa kwenye mkoba wangu wa mkononi, na hili nawaomba mlishike: dawa, miwani na hati zote ziwe mkononi, zisiende chini ya ndege.

Mambo ya visa nayapitia haraka. Sweden, Finland, Estonia na Denmark zote ziko kwenye eneo la Schengen, kwa hiyo visa moja inatosha, ila ombeni ya kuingia zaidi ya mara moja endapo meli itagusa nchi iliyo nje ya eneo hilo. Ada kwa mtu mzima ni euro 90, na bima ya safari lazima ifike angalau euro 30,000. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari. Msingoje mwezi wa mwisho.

Kutoka Arlanda hadi katikati ya mji ni kama kilomita 40. Ipo treni ya kasi inayotumia kama dakika 20, lakini bei yake inauma. Sisi tulipanda treni ya kawaida ya abiria, ambayo ina ada ya ziada kwa kituo cha uwanja wa ndege na bado ni nafuu. Mfukoni nilikuwa na dola zangu nilizozibadilisha kwa uangalifu. Hazikutoka. Sweden fedha taslimu inakaribia kusahaulika. Mikahawa, makumbusho, hata vibanda vya barafu vimeandika mlangoni kwamba havipokei noti. Kadi ya benki ndiyo kila kitu, na mageti ya treni yanapokea kadi hiyohiyo. Iambieni benki yenu mapema kwamba mnasafiri, isije ikafunga kadi mkiwa ugenini.

Sasa nije kwenye raha. Mume wangu si mtu wa makanisa makuu na majumba ya kifalme. Kilichomshika kwanza ni kituo cha treni ya chini ya ardhi, T-Centralen. Kuta zake ni mwamba wenyewe, umepakwa rangi nyeupe, na juu yake yamechorwa majani makubwa ya buluu yanayotambaa hadi darini. Kazi hiyo ni ya msanii Per Olof Ultvedt, ya mwaka 1975. Ukisogea upande mmoja unakuta vivuli vya watu kwenye mwamba: mafundi walioujenga mradi ule, wamechorwa wakiwa kazini na vifaa vyao. Baba Neema alisimama pale treni zikapita, moja, ya pili, ya tatu. Amefanya kazi ya nyaya miaka mingi kwenye majengo ambayo akipita leo mlinzi anamuuliza anamtafuta nani. Akaniambia, "Mama Neema, hawa wamewekwa." Sikumharakisha. Mngekuwa mnakimbilia bandari mngepita kituo hichohicho mkitazama saa.

Mji wa kale, Gamla Stan, tuliutembea taratibu. Kuna kichochoro kinaitwa Mårten Trotzigs gränd ambacho mahali pembamba kabisa kina sentimita 90 tu. Mnapanda ngazi mmoja nyuma ya mwenzake. Kwenye uwanja wa Stortorget lipo jengo la zamani la soko la hisa. Chini ni makumbusho ya Tuzo ya Nobel, juu ni Akademia ya Sweden, inayotoa tuzo ya fasihi. Ndani ya jengo lile, tarehe 7 Oktoba 2021, ndipo lilipotangazwa jina la mshindi wa tuzo hiyo, Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar. Nilisimama mbele ya mlango nikavuta pumzi. Mimi nimefundisha fasihi sekondari, na sitaki Mswahili yeyote afike Stockholm akapita mlango ule kama duka la kofia.

Chakula ni ghali, nisiwafiche. Ila siku za kazi migahawa mingi ina chakula cha mchana cha bei maalumu, wanakiita dagens lunch: sahani moja, saladi, mkate na kahawa humohumo. Kuleni shibe mchana, jioni mnunue mkate na samaki dukani. Maji ya bomba ni safi, bebeni chupa. Mwezi Juni jua linazama saa nne usiku na kuchomoza saa tisa na nusu, kwa hiyo jioni zenu ni ndefu na za bure. Kaeni kando ya maji mzungumze.

Siku ninayotaka kuisimulia kwa urefu ni ile ya kisiwa cha Djurgården. Kutoka Slussen, jirani na mji wa kale, kuna kivuko kidogo, tiketi ileile ya treni inakubalika, na watu wanapanda na baiskeli na watoto kama ilivyo pantoni ya Kigamboni. Mume wangu alisimama katikati, mbali na ukingo. Yeye ni mtu wa Mwanza. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilipozama Ziwa Victoria, karibu kabisa na nyumbani, ilimchukua rafiki yake aliyesoma naye tangu darasa la kwanza. Wengi waliopatikana wamezikwa Igoma, na tangu siku ile hajapanda meli ya ziwa. Kukubali safari hii kulimgharimu, na alikubali kwa ajili yangu.

Tukaingia makumbusho ya Vasa. Ndani kuna ubaridi na mwanga hafifu, na macho yakizoea unaiona: meli nzima ya mbao, nyeusi, ndefu mita 69, sanamu za simba na wapiganaji zimejaa nyuma yake. Iling'oa nanga tarehe 10 Agosti 1628, safari yake ya kwanza. Haikufika hata kilomita moja na nusu. Upepo ukaisukuma, ikalala, maji yakaingia kwenye madirisha ya mizinga yaliyokuwa wazi, ikazama mbele ya macho ya watu wa mji. Ilikuwa na mizinga 64, na uzito wa juu ulizidi uwezo wa sehemu ya chini kuishikilia. Kabla ya kuondoka walikuwa wameijaribu: wanaume 30 walikimbia kutoka upande mmoja wa sitaha hadi mwingine, meli ikayumba kiasi kwamba jaribio lilisitishwa. Wakajua. Lakini mfalme Gustav II Adolf alikuwa anaitaka meli yake, na hakuna aliyethubutu kusema haiendi. Uchunguzi ulifanywa, hakuna aliyepatikana na hatia.

Baba Neema alisoma kila bango. Alisoma habari za uzito, alisoma za uchunguzi, akarudi kusoma tena. Hakusema neno.

Tulipotoka, nyuma tu ya makumbusho kuna makaburi ya zamani ya wanamaji, na pembeni yake ukumbusho wa MV Estonia, meli ya abiria iliyokuwa inatoka Tallinn kuja Stockholm, ikazama usiku wa tarehe 28 Septemba 1994. Walikufa watu 852. Kuta za mawe zimesimama pembetatu, na majina yamechongwa juu yake, safu kwa safu. Mume wangu akavua kofia. Aliweka kidole kwenye jina moja la mtu asiyemjua, akapitisha kwenye herufi moja moja mpaka mwisho. Kisha akalitaja jina la rafiki yake, kwa sauti, mara ya kwanza nimelisikia kinywani mwake kwa miaka mingi. Tulikaa kwenye nyasi mpaka akawa tayari kuondoka.

Siku tuliyopanda meli alikuwa mtu mwingine. Tangu ajali ya meli ya kitalii ya Costa Concordia mwaka 2012, kanuni za kimataifa zinataka abiria wapya wapewe mafunzo ya dharura kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Wengine walikuwa wanacheza na simu. Yeye alisikiliza mwanzo mwisho, akauliza boti yetu ya uokoaji ni ipi, akaenda kuitazama, kisha akaniita sitahani. Tulisimama pale saa nyingi meli ikipita katikati ya visiwa. Vinasemwa kuwa kama 30,000 katika eneo lile, vingine mwamba mtupu, vingine vina nyumba moja nyekundu na gati lake. Alisimama ukingoni.

Nyumbani hawakukosa la kusema. Wifi yangu alisema mbele ya wageni kwamba wazee wameenda kuzurura Ulaya wakati nyumba ya kijijini inavuja. Nilinyamaza siku ile, leo nasema. Hakuna kamati ya harusi katika ukoo ule ambayo mimi na Baba Neema hatukuichangia. Ada tumelipa, misiba tumebeba, bati za nyumba hiyo hiyo tulinunua sisi. Wanandoa wa kwetu tumefundishwa kuwa pesa ina haki kwa kila mtu isipokuwa kwa ninyi wawili, na mnakuja kustaafu mkiwa wageni kwenye meza moja. Wekeni akiba yenu, kila mwezi, kidogo kidogo, na msimwombe mtu ruhusa. Na mkishaweka, msikubali mtu awapunguzie siku zenu kwa jina la kubana matumizi. Hoteli yetu haikuwa ya kifahari: chumba kidogo, kitanda, dirisha linalotazama ukuta. Ilitosha. Mume wangu alipata nafasi ya kuyaendea maji kwa mwendo wake mwenyewe, na hilo halimo kwenye bei ya meli yoyote.

Sasa dada wa Arusha, kabla hujalipa tiketi ya ndege, fungua karatasi za meli utazame jina la bandari. Meli nyingine zinatia nanga Stadsgården, ambako mnaweza kufika kwa miguu kutoka Slussen. Nyingine zinatumia Frihamnen, upande wa mashariki wa mji, basi linafika. Lakini zipo zinazoandika "Stockholm" wakati meli yenyewe iko Nynäshamn, mji mwingine ulio kama kilomita 60 kusini, na hapo mnahitaji treni ya abiria ya takriban saa moja na mabegi yenu. Kama ni Nynäshamn, laleni usiku wa mwisho karibu na kituo kikuu cha treni, mwondoke asubuhi. Uwanja wa ndege uko kaskazini, bandari hiyo iko kusini, na katikati yake ndipo wakala wako anataka upite kwa mchana mmoja. Niandikie ukishaliona jina la bandari, nikwambie hoteli za eneo lipi zitawafaa.