Migomba imeungua na barafu, ning'oe?

SWALI: Shikamoo bwana shamba. Mimi ni wa Sengerema ila niko Makete kikazi, nilibeba machipukizi ya nyumbani nikapanda nyuma ya nyumba yakakua vizuri tu, sasa mwezi huu wa saba nimeamka nyasi nyeupe barafu tupu na majani ya migomba yote meusi kama yamemwagiwa maji ya moto. Ning'oe?

JIBU: Marahaba. Using'oe, na panga liweke kwanza. Kilichokufa ni majani, uhai wa mgomba uko kwenye tunguu chini ya udongo. Hayo majani meusi yaache yaning'inie mpaka baridi iishe, yanakinga shina, ndo baadae uanze kukata kutoka juu kidogo kidogo, ukikuta ndani kahawia na majimaji shuka tena, ukifika penye weupe na pagumu ishia hapo. Hata shina likiwa limeoza lote subiri, chipukizi litatoka pembeni.

Sisi huku Mwanza hatuyajui haya, ziwa linatunza joto usiku na tuko mita kama 1,140 tu, nyie hapo mmepita 2,000. Mgomba ukifika nyuzi 14 unakaribia kusimama kukua, ikigonga sifuri majani yanaungua.

Mwakani angalia kwanza umepanda wapi, maana hewa ya baridi ni nzito inatelemka kulala bondeni, kwahiyo bora mteremkoni au karibu na ukuta unaopigwa jua la mchana. Ukiona jioni hamna wingu, hamna upepo, nyota zote nje, usiku huo ndo wenyewe. Mchana mwagilia udongo (sio majani) maana udongo wenye unyevu unashika joto la jua, jioni chomeka miti ufunike na mashuka makuukuu au viroba, nailoni isiguse majani, asubuhi jua likitoka fungua. Halafu matandazo, hapa wengi wanakosea, wanatandaza shamba zima wakati udongo uliofunikwa hautoi joto usiku na majani ndo yanazidi kuungua. Rundika nene shinani tu, kwingine acha wazi. Na yurea acha mapema kabla ya kipupwe, inaleta majani laini.

Ila nikwambie ukweli, hiyo ni migomba ya kula nyumbani. Kwenye baridi hiyo mkungu unachelewa, mwingine unakwama kooni hautoki kabisa. Kama unawaza biashara hapo panda viazi, au matofaa.