Maswali ya Wasomaji: Nazi Moja Ni Kiasi Gani?

Tangu nitangaze mwezi uliopita kwamba kitabu changu cha mapishi ya mwambao kimefika kwa mpiga chapa, barua zimekuja nyingi kuliko nafasi ya ukurasa huu. Nimechagua zile zinazohusu kitabu chenyewe na safari nilizofanya kwa ajili yake. Wanaouliza kuhusu keki za harusi wanistahimilie hadi toleo lijalo.

Shikamoo Bi Mpishi. Kitabu ulituahidi tangu mwaka juzi. Kimechelewa kwa nini, na tutakipata lini? (Msomaji, Tanga)

Marahaba, mwanangu. Kitakuwa madukani kabla ya Ramadhani, kikiwa na mapishi 84, na aliyekichelewesha ni mimi mwenyewe. Huenda unakumbuka pilau niliyoiandika hapa, ambayo kwa mkono wangu niliagiza kijiko kikubwa cha karafuu nzima badala ya kijiko kidogo. Kijiko kikubwa kina karafuu 60 na zaidi. Msomaji mmoja aliniandikia kwamba wageni wake waliondoka mezani ndimi zimekufa ganzi, naye alikuwa na adabu ya kutonitukana. Siku hiyo nilifungua mswada, nikaona kurasa nzima zimejaa maneno kama "chumvi kiasi", "nazi mbili" na "maji ya kutosha", ambayo yananitosha mimi niliyefundishwa na mama yangu kwa kutazama, lakini hayamfai mtu aliye peke yake jikoni. Nikaurudisha mswada nyumbani, nikanunua mizani.

Bi Mpishi, nimesikia ulikwenda Pemba, Lamu hadi Oman. Mapishi ya Waswahili si yapo hapa hapa kwetu? (Msomaji, Mombasa)

Yapo, ndugu yangu, tena Mombasa hainihitaji mimi kuisifia samaki wa kupaka. Nilichokifuata huko ni vipimo, kwa sababu jambo ambalo mpishi mmoja hulifanya bila kufikiri, mwingine aliye mbali amelazimika kulihesabu.

Pemba nilikwenda kwa boti hadi Mkoani, kisha nikapanda gari kuelekea Wete wakati wa mavuno, karafuu zikiwa zimeanikwa juu ya majamvi kando ya barabara na harufu yake ikiingia madirishani njia nzima. Nilitarajia kwamba watu wanaoishi katikati ya mikarafuu hutia karafuu kwa wingi chakulani. Nilikuta kinyume chake. Mama aliyenikaribisha alihesabu karafuu 8 kwa kilo moja ya mchele, akaniambia kwamba za mwaka huu ni kali na kwamba zile zilizokaa dukani muda mrefu ningeweza kuziongeza hadi 12. Kitabuni, basi, karafuu zinahesabiwa. Kijiko nimekiachia uzile na pilipili manga iliyosagwa.

Lamu nilikaa siku 4 tu, zaidi kwa ajili ya mkate wa mofa na kwa kujifunza jinsi ya kupalia makaa juu ya kifuniko, jambo ambalo kila mtu hulifanya kwa namna yake na ambalo wenye oveni watalipata kwa nyuzi 160.

Safari iliyonigusa zaidi ni ya Muscat, mji mkuu wa Oman. Wasomaji wengi wanajua kwamba Sayyid Said, sultani wa Oman, alihamishia makao yake Unguja mnamo 1840, lakini wachache hufikiria safari ya kurudi: familia zilizoondoka Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964, na nyingine zilizoitikia wito wa kurudi nyumbani wa Sultan Qaboos aliyeshika madaraka mwaka 1970. Wengi wao bado wanazungumza Kiswahili nyumbani, na nyama ya vijiti inayochomwa kando ya barabara huko inaitwa mishkak, jina ambalo hakuna Mswahili atakayelisikia akahitaji mkalimani. Bibi mmoja aliyeondoka Unguja akiwa mtoto alinipikia mkate wa kumimina kwa kikombe cha kaure alichokirithi kwa mama yake, kimekatika mkono, hakitumiki kwa chai wala kahawa. Vikombe viwili vya mchele uliolowekwa usiku kucha, kimoja cha tui zito, nusu ya sukari, iliki na hamira. Nilimwomba ruhusa, nikakipima: kinachukua gramu 190 za mchele mkavu. Alicheka, akasema kwamba miaka yote hiyo ameogopa kikombe kisivunjike kwa kuwa mapishi yamo ndani yake. Siku za kawaida hutumia nazi ya unga, ila kwa sikukuu huagiza nazi za Salalah, kusini mwa Oman, ambako mvua za kusi huifanya minazi istawi.

Ukisema "nazi moja", unamaanisha ipi? Huku Leicester ninatumia ya kopo. (Msomaji, Uingereza)

Hilo ndilo swali lililonichosha kuliko yote. Nilivunja nazi 20 za masoko mbalimbali, nikazikuna kwa mbuzi, nikazipima moja moja. Ndogo kabisa ilitoa gramu 220, kubwa ikafika 410. Kwa hiyo kitabuni nazi moja ni gramu 300 za nazi iliyokunwa, ambazo zikikamuliwa kwa kikombe kimoja cha maji ya vuguvugu hutoa takriban mililita 250 za tui zito, na zikikamuliwa tena hutoa tui jepesi.

Kopo la mililita 400 litikise kwanza, ulitumie kama tui zito. Kwa tui jepesi, changanya sehemu moja yake na mbili za maji. La kopo mara nyingi limetiwa kitu cha kulizuia lisikatike, hivyo litakusamehe ukisahau kukoroga. Tui ulilokamua mwenyewe halisamehi: likianza kuchemka, koroga bila kufunika.

Mimi ninaishi Nairobi. Mahamri yangu huumuka upesi kisha hunywea kwenye mafuta. Je, kitabu kinatufikiria sisi wa bara? (Msomaji, Nairobi)

Kinawafikiria, ingawa kwa kurasa 2 tu. Mlipo, takriban mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na kwa hiyo unga huvimba haraka kuliko Mombasa. Punguza hamira kwa robo, na usisubiri donge liwe maradufu kabisa. Maji nayo huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, ndiyo maana mbaazi zenu hukawia. Zilowekeni usiku kucha au tumieni sufuria ya presha.

Bi, biriani lako la harusi limo kitabuni? (Msomaji, Dar es Salaam)

Halimo. Nimelipika mara 11 nikiwa na mizani mezani, na kila mara limetoka tofauti, mara vitunguu vimeungua, mara maziwa ya mgando yamekuwa chachu kupita kiasi. Lile moja lililotoka sawasawa nililipika siku ambayo mizani ilikuwa imeishiwa betri.