Machungwa yameoza kwenye chumba cha baridi, nimdai mwenye chumba?

SWALI: Shikamoo mtaalam. Mi nalima machungwa Muheza, ya Valencia, na nna miti michache ya malimao. Msimu huu bei ilivoanguka nikaona bora nisubiri, nikakodi nafasi kwenye chumba cha baridi Tanga mjini. Wakaweka nyuzi 3, machungwa na malimao humohumo, na pembeni kuna mikungu ya ndizi ya mtu mwingine. Wiki tatu baadae nafungua, malimao yana madoa ya kahawia yamebonyea kama yamezimiwa sigara, na machungwa kila kreti manne matano yana unga wa kijani. Mwenye chumba anasema mzigo ulikuja mbovu. Nimdai?

JIBU: Marahaba, na pole sana mdogo wangu. Kwenye machungwa mwenye chumba hajakosea sana, huo unga wa kijani ni ukungu wa Penisilia na umetoka nao shambani. Ganda zima hauliingii, unasubiri mchubuko, na mchubuko wenyewe si lazima uuone, kucha ya mchumaji inatosha, au mwiba, au chungwa limevutwa kikonyo kikachomoka kikaacha tundu. Baridi inauchelewesha tu, haiui. Sasa jiulize, vijana wako walikata kwa mkasi au walitikisa mti yakadondoka? Na walichuma saa ngapi, maana chungwa lenye umande ganda limejaa maji, ukilibana kidogo tu vile vifuko vya mafuta vinapasuka na mafuta yanaunguza ganda lenyewe. Subiri umande ukauke, kata kikonyo kifupi kabisa kisichome jirani yake, weka kreti kivulini, na lililoanguka chini uza sikuhiyohiyo, usilipeleke kwenye baridi hata kama linang'aa.

Malimao ni kesi nyingine. Hayo hayajaoza, yameungua na baridi. Limao linataka nyuzi 10 mpaka 13, wakati Valencia inakaa vizuri kwenye 4 mpaka 7, kwa hiyo chumba kimoja hakiwezi kuwatosha wote wawili, na mtu anayekodisha chumba kwa hela za watu alitakiwa akuulize unaleta nini. Hapo mna la kuongea. Na hizo ndizi pia, zikianza kuiva zinatoa gesi ya ethilini, vikonyo vya machungwa vinakauka vinadondoka, uozo unapata mlango.

Unyevu mwambie aweke asilimia 90 mpaka 95, la sivyo ganda linasinyaa na uzito unapungua, na wewe unauza kwa uzito au kwa macho ya mteja, yote unapoteza. Ila usikae ukidhani yatazidi utamu humo ndani, chungwa sio embe, likishachumwa haliivi tena.

Kwa sasa chambua kreti zote. Lenye ukungu lifunike na mfuko wa plastiki hapohapo lilipo ndo ulinyanyue, ukilibeba wazi ule unga unapeperuka unatua kwa mengine. Yaliyobaki uza wiki hii, na ukiyatoa usiyafunike na turubai, yatatoka jasho, yaache yapate upepo kivulini yakauke ndo upakie. Malimao yaliyobonyea peleka kwa wakamua juisi, ndani mengi bado mazima.