Je, kitanzi kinazuia mauaji?

Umeuliza kama kunyonga kunawatisha wauaji. Mwaka 2012 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilipitia tafiti za zaidi ya miongo mitatu, likasema hazifai kujibu swali hilo, kwa ndiyo wala kwa hapana. Anayechomoa kisu kwa hasira hapigi hesabu ya kitanzi. Kinachozuia zaidi ni uhakika wa kukamatwa. Mimi hoja inayonielemea ni makosa: shahidi aliyeona sura gizani kwa sekunde chache, ungamo lililotolewa kwa kipigo. Huko huko Marekani, tangu 1973, zaidi ya watu 190 waliohukumiwa kifo wamefutiwa hatia, baadhi baada ya miaka 20 na zaidi. Rufaa zingefupishwa, kama wengi wanavyodai zifanywe, hao wangeshazikwa.