Maswali ya Wasomaji: Beladona, sumu iliyovikwa jina la dawa

Barua nne zilizochaguliwa safari hii zinahusu mmea mmoja, nami nimeziacha katika mpangilio wa kufika kwake, isipokuwa ile ya kwanza, ambayo haikufaa kusubiri zamu.

Swali: Mwandishi wa safu, salamu. Binti yangu ana miezi saba na ameanza kuota meno. Shoga yangu alinipa kichupa cha vidonge vidogo vitamu vinavyoyeyuka mdomoni, akaniambia kwamba ni vya mitishamba na havina madhara. Siku ya tatu ya kumpa, mwili ulimchemka, midomo ikamkauka, akawa analia kama anayeona kitu nisichokiona mimi, na nepi yake ilikaa kavu tangu asubuhi hadi alasiri. Niliacha, na kesho yake akarudia hali yake. Juu ya kichupa pameandikwa Belladonna 6X. Je, ni vidonge hivi, au ni meno tu? – Mama wa Binti Mmoja

Jibu: Mama, ulifanya vyema kuacha. Hata kama sasa mtoto anacheza, mpeleke kwa daktari na uende na kichupa chenyewe, usikitupe, kwa sababu dalili ulizozitaja ndizo zile zile zinazoelezwa katika vitabu vya sumu chini ya jina la beladona. Homa ya maambukizi pamoja na upungufu wa maji mwilini navyo vinaweza kuleta karibu zote, na kwa barua peke yake haiwezekani kutenganisha hili na lile. Anayeweza ni mtu atakayempima mtoto.

Beladona, ambayo wataalamu wa mimea huiita Atropa belladonna, ni mmea wa asili ya Ulaya, Afrika Kaskazini na Asia Magharibi, ulio katika jamii moja na nyanya, biringanya na tumbaku. Matunda yake ni meusi, yanang'aa na yana utamu kidogo, jambo ambalo limewaponza watoto wengi tangu zamani. Jina lake lenyewe linasema pande zake mbili: belladonna ni maneno ya Kiitaliano yenye maana ya mwanamke mrembo, kwa kuwa wanawake walijitia maji yake machoni ili mboni zipanuke, na Atropa limetokana na Atropos, yule katika visasili vya Wagiriki aliyekata uzi wa uhai wa binadamu.

Sumu yake ni kemikali za mmea ziitwazo alkaloidi, hasa atropini, hayosiamini na skopolamini. Neva zetu hutumia kemikali iitwayo asetilikolini kupeleka amri kwenye tezi za mate na jasho, misuli ya mboni, kibofu na moyo. Atropini hukaa mahali pa kemikali hiyo kama ufunguo wa mlango mwingine uliovunjikia ndani ya kitasa: haufungui, na ule wa haki hauingii. Ndiyo maana kinywa hukauka, jasho hukatika hata joto la mwili likapanda, mboni hupanuka na macho yakashindwa kuvumilia mwanga, moyo hukimbia, mkojo huzuilika, na ubongo nao ukifikiwa, mgonjwa huweweseka, huona visivyokuwapo, na akizidiwa hupata degedege na kupoteza fahamu. Vitabu huongeza kwamba ngozi huwa nyekundu, lakini vitabu hivyo vingi viliandikwa na watu waliokuwa wakitazama ngozi nyeupe. Kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi wekundu huo haujitokezi waziwazi, basi usiungojee. Mguse, na ukikuta ngozi ya moto iliyo kavu kabisa, kisha ukaona mboni kubwa zisizosinyaa mbele ya mwanga, usipoteze muda.

Sasa tuje kwenye yale maandishi, 6X. Katika homeopathia, yaani tiba inayotumia dutu zilizozimuliwa mara nyingi, herufi X ina maana ya kuzimua kwa kumi, na tarakimu huonyesha ni mara ngapi: sehemu moja ya maji ya mmea huchanganywa na sehemu tisa za kimiminika au za sukari ya maziwa, kisha sehemu moja ya mchanganyiko huo huzimuliwa tena vivyo hivyo, hadi mara sita. Kinachobaki ni sehemu moja katika milioni. Kidonge cha miligramu 100 kitakuwa na miligramu 0.0001 ya maji hayo ya mmea, na alkaloidi zenyewe ni sehemu ndogo tu ya kiasi hicho. Hapo ndipo penye fumbo la barua yako. Ikiwa kibandiko kinasema kweli, vidonge havikuwa na uwezo wa kumdhuru binti yako, wala wa kumtuliza. Ikiwa vilimdhuru, kibandiko hakikusema kweli.

Na vibandiko vimewahi kutosema kweli. Mwaka 2010 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliwaonya wazazi juu ya vidonge vya homeopathia vya kuota meno baada ya kugundua kwamba kiasi cha beladona kilitofautiana, na vikaondolewa madukani. Septemba 2016 ilitoa onyo jingine, safari hii kwa vidonge na jeli za aina hiyo kwa jumla, na Januari 2017 ikatangaza matokeo ya maabara yake: kiasi cha beladona kilikuwa hakilingani baina ya kidonge na kidonge, na mara nyingine kilizidi mno kile kilichoandikwa. Anayezimua sumu kwa ajili ya mtoto mchanga anapaswa kuwa na mizani na uchanganyaji visivyo na kosa, na mimi sioni sababu ya mzazi kubahatisha kwa kitu ambacho, hata kikitengenezwa bila kosa, ni sukari.

Kuhusu meno, msugue fizi kwa kidole kilichooshwa vizuri, au umpe pete ya kutafuna iliyopozwa kwenye jokofu bila kugandishwa. Meno huleta ute na usumbufu. Hayaleti homa kali, na mtoto mwenye homa kali asiachwe kwa kisingizio cha meno.

Swali: Ndugu mwandishi, mimi nimetumia homeopathia kwa miaka mingi na sijaona baya. Naona wataalamu mnawatisha watu bure. Wahenga walisema dawa ya moto ni moto, na huo ndio msingi wa tiba hii: kinacholeta ugonjwa kwa mzima humponya mgonjwa. Chanjo zenu nazo hazifanyi jingine. Beladona yangu ni 30C, ambayo ina nguvu kuliko hiyo 6X, na haijanidhuru hata siku moja. Mnaelezaje? – Msomaji wa Siku Nyingi

Jibu: Ndugu yangu, nakubaliana nawe katika jambo moja kamili: hiyo 30C haijakudhuru wala haitakudhuru. Sababu yake ndiyo tutakayotofautiana.

Tiba hii ilianzishwa na Samuel Hahnemann, daktari wa Kijerumani aliyezaliwa mwaka 1755 na kufariki Paris mwaka 1843. Mwaka 1790, akiwa anafasiri kitabu cha dawa, alijaribu gome la mkwinini mwilini mwake akiwa mzima, akahisi dalili alizoona zinafanana na za malaria, na kutokana na hapo akajenga kanuni kwamba kifananacho hutibu kifananacho. Beladona ilimwingia vizuri katika kanuni hiyo. Aliona kwamba mtu aliyekula mmea huu hupata joto, koo kavu na wekundu wa ngozi, mambo yanayofanana na homa ya skaleti iliyokuwa ikiua watoto wa Ulaya wakati wake, na mwaka 1801 akachapisha maandishi ya kuipendekeza kuwa kinga na tiba ya homa hiyo. Tusimdharau: madaktari wa siku zake walikuwa wakiwatoa wagonjwa damu na kuwanywesha madawa ya zebaki, na mgonjwa aliyepewa maji matupu na kuachwa apumzike huenda alikuwa na bahati kuliko jirani yake. Ila leo tunajua kwamba gome la mkwinini hutibu malaria kwa sababu kwinini iliyomo huua vimelea, wala si kwa sababu linafanana na homa. Na skaleti huletwa na bakteria, ambao penisilini huwaua na beladona haiwagusi. Kufanana kwa dalili kulikuwa kufanana tu.

Methali uliyoitaja naipenda, lakini waliosema dawa ya moto ni moto walikuwa wanamzungumzia mtu mkali anayehitaji kukutana na mkali mwenzake. Na hata tukiichukua kwa maana yake ya wazi, haisemi kwamba dawa ya moto ni kumbukumbu ya cheche iliyozimwa baharini.

Herufi C ni kuzimua kwa mia. Ukifika 12C, dutu ya asili imezimuliwa kwa kiasi cha 1 chenye sifuri 24 mbele yake, na kwa kuwa gramu chache za dutu yoyote zina molekuli zisizofika idadi hiyo, basi kuanzia hapo uwezekano wa kukuta hata molekuli moja ya mmea ndani ya chupa unayoyoma. Katika 30C sifuri ni 60. Nimepiga hesabu: ili upate molekuli moja ya atropini kati ya molekuli za maji zenye idadi hiyo, ungehitaji maji yenye uzito unaozidi uzito wa jua zaidi ya mara elfu kumi. Wanahomeopathia husema tarakimu ikikua nguvu hukua, kwa sababu mchanganyiko hutikiswa kwa nguvu kila hatua. Kwa anayepima kilichomo, tarakimu ikikua kilichomo hupungua. Ndiyo maana 6X ya Mama wa Binti Mmoja yahitaji uangalifu kuliko 30C yako, na maji ya mmea ambayo hayajazimuliwa kabisa ni sumu kamili.

Chanjo haiendi njia hiyo. Ina kiasi kinachopimika cha kijidudu kilichodhoofishwa au cha sehemu yake, na baada ya kuchanjwa, kinga inayozaliwa mwilini hupimwa kwenye damu.

Kwamba wewe hupata nafuu, sibishi. Mafua huisha, maumivu hupanda na kushuka, na kuketi na mtu anayekusikiliza kwa saa nzima ni jambo ambalo hospitali zenye foleni zimelisahau. Swali ni iwapo vidonge huongeza chochote juu ya hayo, na mwaka 2015 Baraza la Taifa la Afya na Utafiti wa Tiba la Australia, baada ya kupitia tafiti nyingi, lilihitimisha kwamba hakuna ugonjwa ambao kwa huo kuna ushahidi wa kuaminika kuwa homeopathia hufanya kazi. Ufaransa, ambako dawa hizi zilikuwa zimezoeleka sana, iliacha kuzilipia kupitia bima ya taifa tangu Januari 2021. Vidonge vyako vya 30C endelea kuvinunua ukipenda. Ninachokuomba ni usivitumie badala ya daktari siku utakapopata homa isiyoshuka.

Swali: Je, beladona ndiyo mnanaha? Naweza kujitengenezea dawa hiyo kwa majani ya mnanaha? – Mpenda Miti

Jibu: Siyo mmoja, ila ni ndugu wa jamii moja, na mnanaha una alkaloidi zile zile ndani ya majani, maua na mbegu. Tunda la beladona ni laini na jeusi. La mnanaha lina miiba. Wanahomeopathia nao wanautumia mmoja wa jamaa za mnanaha, wakiuita Stramonium. Usijitengenezee. Kiasi cha sumu hutofautiana kati ya mche na mche, na hata kati ya jani na mbegu za mche mmoja, na jikoni hakuna chombo cha kukupimia.

Swali: Daktari wa macho alinitia matone ya atropini, nikashindwa kusoma kwa siku kadhaa. Kama atropini inatoka kwenye beladona, je, daktari huyo naye hakufanya homeopathia? – Mwalimu Mstaafu

Jibu: Mwalimu, swali lako limenifurahisha kuliko yote. Daktari alitumia mmea ule ule kwa mantiki iliyo kinyume. Hakukutia atropini kwa sababu mboni zako zilikuwa zimepanuka. Alikutia ili zipanuke, kwa dawa ambayo nguvu yake imeandikwa kwa asilimia, na matokeo aliyajua kabla hajafungua chupa, pamoja na kwamba athari yake inaweza kudumu wiki nzima au zaidi. Vivyo hivyo atropini hudungwa kwa mgonjwa ambaye moyo wake unapiga polepole mno, na kwa mkulima aliyepatwa na sumu ya viuatilifu vya jamii ya oganofosfeti, ambaye asetilikolini imemjaa kupita kiasi hata mate na makohozi yanamziba pumzi. Huyo hupewa atropini kwa kiasi ambacho kingemwangusha mtu mzima wa afya, na daktari huendelea kuongeza hadi kifua kikauke.

Na aliyekula beladona yenyewe, katika hali mbaya hospitali huweza kumpa fizostigmini, dutu iliyotokana na maharage ya Calabar, ambayo zamani katika eneo hilo la Afrika Magharibi washtakiwa walilishwa ili ijulikane nani mwenye hatia. Fizostigmini huongeza asetilikolini mahali ambapo atropini imeizuia. Ni sumu juu ya sumu kweli, lakini moja inavuta huku na nyingine kule, na aliyeshika sindano anahesabu miligramu huku akitazama mapigo ya moyo kwenye mashine.