Mbona kundi hili la galaksi ni hafifu kwenye eksirei?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa fizikia sekondari. Nimesoma kwamba makundi ya galaksi yamejaa gesi ya mamilioni ya digrii inayotoa eksirei. Abell 1367 na Coma yako karibu umbali mmoja, miaka ya nuru milioni 300 hivi, lakini Coma hung'aa kwa eksirei mara kadhaa zaidi. Je, Abell 1367 haina gesi? Na kwa nini huitwa kundi "changa" ilhali nyota zake ni za kale?

JIBU: Gesi ipo, mwalimu, tena ya kutosha. Abell 1367, lililoko upande wa kundinyota la Simba, ni dogo kuliko Coma, hilo tukubaliane mapema: gesi yake ina nyuzi milioni 40 hivi, ya Coma inafika milioni 90, na kadiri kundi linavyokuwa zito ndivyo gesi yake inavyokuwa na joto. Lakini uzito peke yake hauelezi picha tunayoiona. Jambo la pili ni jinsi gesi hiyo ilivyokaa: imetandaa, haikusongamana katikati.

Eksirei hizi huzaliwa pale elektroni inapopita karibu na kiini cha atomu, ikapindishwa njia, na katika kupinda huko ikatoa fotoni, yaani chembe ya mwanga. Yaani kila fotoni inahitaji wawili kukutana. Waelezee wanafunzi kwa harusi: wageni 50 wakipeana mikono kila mmoja na mwenzake, ni salamu 1,225, wakiwa 100 ni salamu 4,950. Watu wameongezeka mara mbili, salamu mara nne. Gesi nayo ni hivyo hivyo, mng'ao hufuata mraba wa msongamano. Chukua gesi ileile uitandaze katika nafasi kubwa mara nane: kila mita ya ujazo itatoa 1/64 ya mwanga wa awali, na ukijumlisha nafasi yote unabaki na 1/8. Hakuna hata atomu moja iliyopotea. Ndiyo maana nawasihi wanafunzi wangu wasisome mwanga kama mizani.

Na msongamano wenyewe ni mdogo ajabu. Katikati ya Coma kuna chembe elfu chache tu kwa mita ya ujazo. Hewa unayovuta sasa hivi ina molekuli zaidi ya trilioni trilioni kumi katika nafasi hiyohiyo.

Sasa uchanga. Hatuzungumzii umri wa nyota, tunazungumzia kutulia. Kundi lililotulia lina umbo la mviringo kwenye ramani ya eksirei, na mara nyingi katikati kuna galaksi moja kubwa mno iliyozungukwa na gesi iliyosongamana. Abell 1367 halina sura hiyo. Ramani yake imerefuka kutoka kusini-mashariki kwenda kaskazini-magharibi, ina mafungu mawili, na la kaskazini-magharibi lina joto zaidi, ishara kwamba mafungu hayo bado yanagongana. Galaksi zenye mikono iliyojiviringisha, kama Njia Nyeupe yetu, bado ni nyingi humo. Nyingine, UGC 6697 ikiwemo, zinaonekana zikivuliwa gesi yao na upepo wa kupita kwa kasi katika gesi ya kundi, mkia ukibaki nyuma. (Coma nalo lisijidai sana: kuna fungu zima la galaksi, lenye NGC 4839, linaloungana nalo kutoka kusini-magharibi.)

Joto tunalisoma kwenye spektra, yaani mgawanyo wa fotoni kwa kadiri ya nishati zao. Gesi yenye joto zaidi hutoa fotoni nyingi zaidi za nishati kubwa, na chuma kilichonyang'anywa karibu elektroni zote huacha mstari kwenye kiloelektrovolti (kipimo cha nishati ya fotoni) 6.7. Mstari wa chuma ulionekana kwenye kundi la Perseus mwaka 1976 kwa satelaiti ya Ariel 5. Kabla ya hapo, satelaiti ya Uhuru, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, ndiyo iliyoonyesha kwamba eksirei za makundi kama Coma na Perseus hutoka eneo pana, si nukta moja.

Kwenye kundi hafifu, taabu kubwa ni usuli, yaani mawimbi na chembe zisizotoka kwenye kundi lenyewe. Njia Nyeupe yenyewe ina gesi ya moto inayong'aa chini ya kiloelektrovolti moja, na protoni zinazoingia kwenye XMM-Newton, darubini ya eksirei iliyoko angani, hupandisha hesabu ghafla. Ukichora grafu ya fotoni dhidi ya muda unaona mstari umelala, halafu unachomoza mwiba. Tunakata vipande hivyo, na si ajabu theluthi ya muda wa uangalizi ikaenda na maji. Ukikosea usuli kidogo tu kwenye Coma, hakuna anayegundua. Ukikosea kiasi hichohicho pembezoni mwa Abell 1367, unatangaza joto ambalo halipo.

Data za XMM-Newton hufunguliwa kwa umma, kwa kawaida baada ya mwaka mmoja, na kuzipakua ni bure. Ukifungua picha ya kundi hafifu darasani, anza na ile ghafi: nukta zilizotawanyika kwenye weusi, nyingine zikiwa fotoni moja moja. Programu ikishalainisha picha, nukta tatu zilizokaribiana kwa bahati tu hugeuka donge zuri linaloonekana kama fungu jipya la gesi. Mimi mwenyewe nilishawahi kupoteza wiki mbili nikilifukuza donge la namna hiyo.